Picha ya Dada Niliyoisahihisha

Nilimwomba mpiga picha amfute dada yangu. Maneno yenyewe, bila shaka, yalikuwa ya adabu: "Umutengeneze kidogo, papa, asitoke mweusi sana." Ndivyo anavyosema mjinga aliyesoma miaka minne ya sekondari kwa mapadri: kwa upole, tai ikiwa shingoni.

Dada alikuwa ametafutiwa mchumba, karani wa kule Lwiro, na hawakuwa wameonana. Watu wa mchumba walitaka picha kwanza. Mimi, ambaye hata Minova sikuwahi kufika kwa kuogopa mawimbi ya ziwa, nikajiona mjuzi wa dunia. Nilikuwa nimeona kwenye magazeti matangazo ya sabuni, yenye wasichana weupe kama unga wa muhogo. Kutoka dirisha la ofisi nilikofanya kazi niliwaona pia madamu wa Kizungu wakilala juani kando ya ziwa Kivu, wakijigeuza huku na huku ili ngozi iive. Hilo lingenifundisha kitu, kama ningekuwa mtu wa kufundishika.

Mama alikuwa na kipimo chake. Kwake msichana mzuri ni mweusi anayeng'aa, basi. Asubuhi ya picha alimpaka dada siagi ya ng'ombe usoni, shingoni, mikononi mpaka vidoleni. "Mumuone!" akasema. "Nani atamuona huyu na asimutake?"

Dada alinitazama mimi kaka yake mkubwa, na tai yangu. "Yaya, ni weye njo unaolewa?"

Siku mbili baadaye nilirudi studio peke yangu. Kwenye filimu, kabla picha haijachapwa, mweusi huonekana mweupe, na mweupe mweusi. Kwa hiyo ili uso utoke mweupe, mpiga picha alichonga penseli akaanza kuutia weusi kwenye filimu, shavu hili, shavu lile, taratibu kama anayelaza mtoto. Nilisimama nyuma yake nikitoa ushauri.

"Na pua, tuipunguze?" akauliza.

"Punguza."

Nilisema hivyo. Punguza.

Picha moja ilikwenda Lwiro, ya pili nikaifungia sandukuni kwangu, nikingoja siku ya kujisifu. Jibu lilirudi upesi: wamekubali, wanakuja kuposa. Kabla hawajafika, homa ilimshika dada Jumatatu. Ijumaa tulimzika.

Matanga yalipokwisha mama aliniomba picha. Hakuwa na nyingine. Dada hakuwahi kupigwa picha kabla ya siku ile. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama sana.

"Huyu ni nani?"

"Ni yeye, mama."

Halafu akaiambia ile picha, kwa heshima anayowapa wageni, "Karibu, binti."

Nilikimbia studio. Mpiga picha alitafuta filimu, akalowesha pamba, akasugua. Penseli ilitoka, na utando wa filimu ukatoka nayo. Pale penye uso pakabaki tundu, chini yake gauni. Hakuniomba radhi, wala sikuwa na uso wa kumdai.

Ila mikono, kwenye picha ya mama, hatukuigusa. Katika ujuzi wetu wote tulisahau mikono. Imekaa juu ya magoti, myeusi, inang'aa kwa siagi, na kidole kimoja kimejikunja kama alivyokuwa akikikunja anapozuia kicheko. Mama alikuwa akiketi mlangoni jioni, akiziba ule uso kwa kidole gumba, akiitazama mikono. Mimi nilipita ndani ya nyumba bila viatu, nisije nikasikika nikaulizwa habari ya ule uso. Na mpaka leo nikifumba macho nimtafute dada, anayekuja ni yule mweupe mwenye pua nyembamba. Ananitazama bila kunijua.

Jioni moja jirani yetu, mjane aliyepika kasiksi, pombe ya ndizi, na kutukana wanywaji wake bila kuchagua, mpiga picha akiwemo, alimkuta mama pale mlangoni na kidole chake juu ya picha. Nilitoka haraka nikaanza kumweleza mjane: homa ile, maman, haikutupa nafasi, dokta mwenyewe alishindwa. Aliniacha nimalize, akaweka mtungi chini.

"Wacha homa, papa. Homa ilimuua, ni kweli. Lakini mama yako kukosa sura ya mutoto wake, ile njo kazi yako."