Ubongo wa Asiyejibu

Kompyuta mpya ya ofisi ya zahanati ilipomuuliza karani Evarista swali lake la kwanza, Evarista hakujibu. Si kwamba hakuliona. Maandishi ya kijani yalikuwa wazi kabisa: UBONGO GANI? Lakini kwao Endabash, mgeni akiulizwa uji au chai husema, "Chochote tu, mama," kisha hupokea anachopewa. Kuchagua mbele ya mwenyeji ni uroho. Basi akabonyeza kile kitufe kikubwa cha kulia bila kuandika neno, mtoto wake Blandina akimpiga mateke mgongoni, na mashine ikaendelea na kazi.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nane, na kazi ya mashine ile ilikuwa kujifanya mashine nyingine. Ile ya zamani, waliyoiachia Karatu wamisionari, iliungua radi ilipopiga. Programu zake na majina ya watoto vilibaki kwenye disketi, na mashine mpya haikuzielewa hata kidogo. Inosenti, fundi aliyesomea Arusha, ndiye aliyeleta programu ya kuigiza. Unaiambia disketi zako zilizoea ubongo wa namna gani, nayo inajifanya kuwa na ubongo huohuo, disketi zikadhani ziko kwao. Namna zenyewe zilikuwa mbili. Wa kwanza alikuwa mzee. Wa pili alikuwa kama mwanawe: anajua karibu yote ya baba yake, na juu yake ana maneno mengi ya ujana. Usipojibu, ulipewa mzee.

Nje, dereva Shaabani alikuwa anafunga kamba makasha ya barafu. Chanjo ya surua ilikuwa inakwenda Endabash asubuhi ileile, na wangepakia dozi kwa kufuata majina yatakayotoka kwenye printa. Asiyeandikwa hana dozi, na gari halirudi huko mpaka barabara ikauke.

Printa ikanyamaza. Evarista akashika karatasi, akapitisha kidole. Akapitisha tena kuanzia juu. Akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. Blandina alizaliwa na kuandikishwa Endabash kwa bibi yake, na jina lake alilipiga Evarista mwenyewe kwa vidole viwili. Labda alikosea? Lakini hata mapacha wa jirani wa mama yake hawakuwamo.

"Kaka Inosenti, hebu njoo."

"Nini tena, Mama Blandina? Karatasi imekwama?"

"Karatasi haijakwama. Mtoto wangu hayumo."

Inosenti akacheka. "Si huyo hapo mgongoni anakula kitenge?"

Kisha akaona uso wake, akaacha kucheka. Akavuta kiti.

"Ulijibu namba ngapi ilipokuuliza?"

"Sikujibu."

"Kwa nini?"

Evarista akamgeuza mtoto kifuani. "Niliona... chochote tu."

Inosenti akashika kichwa. Disketi za Endabash ziliandikwa kwa lugha ya yule wa pili, akamweleza. Mzee akikutana na neno asilolijua hapigi kelele. Analiruka.

"Kama mtoto wa darasa la tatu anayesoma mbele ya mwalimu," Evarista akasema polepole. "Neno gumu analimeza, sauti ileile, anaendelea."

"Hivyohivyo. Na neno alilomeza ndilo lililosema: sasa nenda kwa waliozaliwa mwaka jana."

"Na haikusema kitu?"

"Haisemi. Ndiyo ubaya wake."

Honi ikalia. "Jamani!" Shaabani alipiga kelele kwa lafudhi yake ya Tanga. "Barafu hii haijui foleni! Mnachapa karatasi au mnaipika?"

"Subiri, bwana! Ukiondoka utapeleka barafu tupu!"

Inosenti akajibu swali la mashine kwa niaba ya Evarista: wa pili. Printa ikaanza upya. Lakini fundi hakutulia. Mchana ule alikuwa anarudi Arusha, na swali lingebaki hapa na watu wasiojibu.

"Nitageuza," akasema. "Asiyejibu apewe kijana. Kijana anajua zaidi."

"Na disketi za kijiji cha Kansay?" Evarista akauliza.

Inosenti akageuka. Za Kansay ziliandikwa kwa mzee. "Nilisema kijana anajua karibu yote. Kuna alama moja baba yake alikuwa na maana yake, yeye ana maana yake."

"Kwa hiyo mtu wa Kansay akinyamaza kama mimi, wanaachwa watoto wa Kansay."

"Labda hesabu tu itapinda."

"Labda," Evarista akarudia, na neno likamkaa vibaya mdomoni.

Inosenti akazunguka meza. Akasimama dirishani. "Nikimweka mzee nawaumiza hawa, nikimweka kijana nawaumiza wale. Nisimweke mtu, basi. Asiyejibu asipewe kitu, mashine igome mpaka ijibiwe."

"Hapana, kaka. Mtu katoka mbali, mtoto analia, unamwambia chagua? Atajiona mjinga. Atafunga mlango aende zake."

"Sasa unataka nini?"

Evarista akachukua karatasi mpya. Jina la Blandina lilikuwamo katikati ya wenzake, limetulia, kana kwamba lilikuwapo tangu mwanzo. Hilo lilimtisha kuliko lilipokosekana. Karatasi zote mbili zilikuwa nadhifu vilevile.

"Igome," akasema, na Inosenti akaipanga hivyo.

Shaabani akapakia dozi zilizoongezeka, akanung'unika kuhusu Waswahili wa bara wanaogombana na masanduku, akaondoka. Evarista akasikiliza injini mpaka mteremkoni, kisha akaendelea kusikiliza.

Wiki iliyofuata akaja Bernadina, mhudumu wa Kansay, matope mpaka magotini. Akaweka disketi, akabonyeza. UBONGO GANI? Akabonyeza tena.

"Mwenzangu, nimekanyaga matope yote haya nije nisutwe na sanduku?"

"Haikusuti, dada Bernadina. Inauliza."

"Iambie yoyote!"

"Hiyo haimo. Sema wa kwanza, au wa pili."

"Wa kwanza."

"Una uhakika?"

Bernadina akaondoa mkono. "Si wewe uliyetuma salamu kwamba Kansay ni wa kwanza?"

"Mimi nimeambiwa tu."

Kisha Bernadina akafungua fundo la kanga, akatoa kadi za kliniki alizokusanya kwa kina mama, zimechakaa, nyingine zimelowa. Evarista akaandika namba moja, ya mzee, akangoja printa imalize, akamshusha mtoto sakafuni.

"Nisomee hizo kadi," akasema, akaweka kidole kwenye jina la kwanza la karatasi iliyotoka.