Nati Nilizoziacha Nikimkimbia Mama Mkwe

Ni mimi niliyemkosesha mama mkwe wangu sherehe ya mahari ya kitinda mimba wake. Si barabara, si gari, si shetani. Ni mimi na mdomo wangu huu!

Ngoja nikueleze polepole, maana kueleza ndiko ninakokupenda kuliko chakula. Hapa mtaani kwetu Kamalondo usukani wa jirani ukitetemeka, ananijia mimi kwanza, ingawa sijawahi kuwa fundi wa chochote. Ninampa kiti, ninamtia moyo. Usiogope, ndugu yangu, gari likizeeka linasema, tulisikilize. Likitetemeka kwenye mwendo fulani tu, kisha likatulia ukipunguza, kasawazishe magurudumu. Likitetemeka ukikanyaga breki, tazama diski. Likitetemeka hata ukienda polepole, na likazidi, simama! Shuka papo hapo, ushike nati moja moja.

Umesikia? Ninayajua hayo. Niliyajua hata siku ile.

Asubuhi yake gurudumu la mbele lilikuwa limeishiwa upepo. Nikaweka la akiba. Nati nilikuwa nimezizungusha kwa vidole tu, ninanyoosha mkono nichukue spana, mara mama mkwe, aliyekuwa amelala kwetu, akatoka ndani kwenda kuoga. Kwetu mama mkwe ni buko wangu, nami ni buko wake: humtazami usoni, humsemeshi, akipita unampisha. Nami ninavyopenda kusifiwa adabu! Niliruka nyuma ya ukuta kama mwizi wa kuku.

Huko nyuma nikamkuta jirani na swali lake la betri. Basi tena! Nilimweleza mpaka mke wangu akaniita twende, tumechelewa. Nikashusha jeki, nikawasha gari.

Sherehe ilikuwa mtaa wa Ruashi, kwa mjomba wa mke wangu. Mama mkwe alikaa nyuma na kitenge chake kipya. Mke wangu alikaa pembeni yangu, akibeba maneno ya huku na ya kule, kama desturi inavyotaka. Hatujafika mbali, usukani ukaanza kutetemeka.

"Mwana," mama mkwe akamwambia binti yake, "ambia bwana yako: ile pine ya asubui, alikaza muzuri?"

"Papa Gloria, mama anauliza kama ulikaza."

"Ambia mama asiogope. Ni ekilibraje tu, pine haina uzito sawa."

"Mama, anasema ni ekilibraje."

"Na ile kintu inagonga ko-ko-ko, nayo ni ekilibraje?"

Nikacheka! Nikapunguza mwendo ili nimwonyeshe mama. Usukani ukazidi. Mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikatafuta maelezo mengine: "Ambia mama asogee katikati, amelalia upande mumoja."

Akasogea. Ee Mungu wangu, yule mama akasogea!

Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimwoe binti yake. Alinisemesha mimi mwenyewe. "Papa Gloria! Simamisha! Niliona, ulikimbia bila kukaza!"

Nami nikamgeukia mke wangu kwa sauti ya padri: "Ambia mama, buko haisemeshi buko."

Sijamaliza, gurudumu likatupita. Lilikwenda mbele yetu bila haraka, kama mgeni anayeijua njia ya sherehe, likaingia mtaroni. Gari likakaa chini kwa kelele. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Ila wauza nyanya walikiona kitenge cha sherehe cha mama, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Papa! Pine yako imetangulia ku feti!"

Ukoo wa bwana harusi ulitoka mbali, Mokambo, na ulitaka kurudi kabla ya giza. Tulipopata teksi na kufika, walikuwa wameshapanda gari lao. Wajomba walikuwa wamepokea mahari. Kiti cha mama, kilichotandikwa kitenge, hakikukaliwa. Bibi harusi alikuwa analia, wala si kwa furaha.

Mama mkwe alisimama langoni, tope la njiani hadi magotini. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Hakuniambia neno hata moja. Si nilisema mwenyewe kwamba buko haisemeshi buko?

Ndugu yangu unayesoma hapa ukitabasamu, ninakujua, nawe ni mwalimu wa mtaa kama mimi. Moyo wako ni mzuri, endelea kusaidia watu. Lakini usukani ukitetemeka, funga mdomo kwanza, simama, shika spana. Na aliyekaa nyuma akisema anasikia kitu, msikilize, hata kama desturi inakutaka umpe kisogo!

Maana siku hizi mama mkwe akija kwetu, kabla hajapanda gari, anajifunga kitenge kiunoni, anachuchumaa na spana, anakaza nati za magurudumu yote kwa mikono yake mwenyewe. Mtaa mzima unatoka kutazama. Mimi adabu hainiruhusu kumsogelea, wala kumwomba aache. Ninasimama kule nyuma ya ukuta, macho chini, mpaka amalize.