Fisi Aliyevaa Koti

Kwenye foleni ya kukamua alizeti pale Kinampanda, baba mmoja alitangaza kwamba akitoka hapo anakwenda kwa wazee kumshtaki kaka yake kwa uchawi.

“Nimeota fisi kakaa kwangu, analamba asali yangu. Ni yeye! Anaitaka mizinga ya marehemu baba.”

Mimi niliishia darasa la saba, lakini kwa ndoto hanishindi mtu wilaya hii. Niliwahi kusoma, kwenye gazeti lililofungiwa maandazi, habari za daktari mmoja wa Uswisi: anayekutisha ndotoni mara nyingi ni upande wako mwenyewe usiotaka kuuona.

“Huyo fisi alivaa nini?” nikamuuliza.

“Koti.”

“La nani?”

Akashika vifungo vya koti alilovaa, kimoja kimoja. “Langu.”

Mama mmoja akacheka. “Basi kajishtaki, baba!”

Yeye hakucheka. Alikalia gunia lake, akatoa simu. “Shikamoo, kaka. Njoo tugawane ile mizinga.”

Tangu siku hiyo najiita mtaalamu. Ila juzi nami nimeota jogoo aliyenyonyolewa, anawika huku amevaa kofia yangu. Nimelichunguza jambo hilo kwa makini sana. Yule ni jirani yangu.