Jani la Sale kwa Baba Eliakimu

Udongo mkavu ukinywa maji hutoa harufu ambayo mpaka leo, mzee mimi, hunisimamisha njiani. Hunirudisha Machame, kwenye mfongo, mfereji wa maji ya mlima, uliopita juu ya shamba letu, na kwa kaka yangu Samweli akininong'oneza, "Nenda kamwite Eliakimu mcheze mpira. Mengine niachie mimi." Nilipaswa kukataa. Nilikwenda mbio.

Enzi zile za Waingereza, kama zamani kabla yao, wazee waligawa maji ya mlima kwa zamu. Zamu yenu ikifika, mliondoa magogo ya migomba na matope yaliyoziba mlango wa mfongo, maji yakaingia kwenu, na mtoto mmoja akabaki pale kulinda. Siku ile zamu ilikuwa ya kina Eliakimu. Jua lilikuwa kali na ulezi wao, wa kupikia mbege, pombe ya arusi ya dada yake, ulikuwa umeanza kujikunja. Wetu ulijikunja vilevile, na zamu yetu ilikuwa mbali.

Nilimkuta Eliakimu, rafiki yangu kuliko wote, amekaa juu ya jiwe, miguu majini, anatafuna muwa.

"Twende tupige mpira kidogo."

"Na maji?"

"Kwani maji yana miguu?"

"Yanayo! Ukigeuka tu, hayapo."

"Sema unaogopa nitakufunga tena kama jana."

Hapo akainuka. Tulicheza nyuma ya kanisa na mpira wa majani makavu ya mgomba, nami nilicheka kicheko cha kweli, maana kwa muda nilisahau kabisa kwa nini nilimwita.

Tuliporudi, mfereji wa kwao ulikuwa umebaki matope, na shamba letu linanukia. Samweli aliapa kwamba ameyakuta maji yamevunja ukingo yenyewe, hakuna mlinzi. Baba Eliakimu akamgeukia mwanawe.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kucheza."

"Na nani?"

Eliakimu alinitazama, kisha akatazama chini. "Peke yangu, baba."

Kesho yake alipelekwa Masama kwa shangazi yake, akachunge mbuzi mpaka ajifunze kutulia mahali. Shuleni nafasi yake kwenye benchi, kando yangu, ikabaki wazi. Ulezi wetu ukasimama, wa kijani kibichi, nami nikawa nazunguka mbali nisiuone. Hata chakula kilinishinda.

"Wewe kuacha mtori?" mama akashangaa. "Unaumwa, au kuna kitu umeharibu?"

Nikamwambia yote. Sikupigwa. Mama alikwenda mpakani mwa shamba, akavunja jani la sale, akalifunga fundo. Sisi Wachagga tunalijua jani hilo: likiletwa mlangoni kwako kuomba msamaha, hulikatai. Akaniwekea mkononi.

"Twende wote, mama."

"Mimi siendi. Mdomo uliomwita Eliakimu ndio utakaosema."

Baba Eliakimu alikuwa akipasua kuni. "Shikamoo, baba," nikasema. Hakuitikia mpaka alipoliona jani. Akaweka shoka chini. Nilieleza yote, tangu mnong'ono wa Samweli mpaka kicheko cha nyuma ya kanisa.

"Kumbe hakuwa peke yake."

"Hapana, baba."

"Na mimi nikamfukuza nyumbani."

Alilipokea jani kwa mikono miwili. Nilifikiri atalichomeka juu ya mlango. Badala yake alivaa koti lake la kanisani, akashika njia ya Masama, jani lile lile mkononi. Nilidhani anakwenda kumwonyesha shangazi. Nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba mzee yule alikuwa akimpelekea mtoto wake sale.

Walirudi pamoja. Niliwaona wakishuka kati ya migomba, Eliakimu amevaa lile koti mpaka magotini. Baba yangu alimwamuru Samweli awape zamu yetu ya maji. Sehemu ya ulezi wao iliamka, sehemu ilikufa, na mbege ya arusi ikapikwa kwa ulezi wa nyumba zote mbili. Tulikunywa sote, na hakuna aliyelitaja jambo lile tena.

Eliakimu alirudi kwenye benchi letu. Amesimamia ubatizo wa mwanangu wa kwanza, nami nimesimamia wa kwake. Namshukuru Mungu kwa hayo. Lakini siku alipotoka Masama nilimwita tukacheze, akaja. Ila kabla ya kuja aligeuka, akatazama mfongo, akanitazama usoni. Tangu hapo, mpaka tumekuwa wazee, kila ninapomwita hunitazama kwanza usoni. Msamaha niliupata wote. Nilichopoteza ni rafiki aliyekuwa akiinuka na kunifuata bila kunitazama.