Fundi Soli Ajitibu Kucha

Miguu ya watu, Fundi Soli aliijua yote. Kwa miaka arobaini alikaa kwenye kibanda chake cha viatu, na hakuna aliyepita pale bila kusemwa: huyu anakanyaga upande, yule visigino vimepasuka kama hana mafuta nyumbani. Watu walicheka, wakachukua viatu vyao, wakaenda zao. Lakini nyani haoni kundule. Mguu wa fundi mwenyewe haukutoka kwenye soksi hata siku ya joto kali.

Maana mle ndani kulikuwa na mambo. Kucha ya kidole gumba ilikuwa imenenepa, imekuwa ya njano, inamomonyoka kama chaki. Ni fangasi tu, na dawa zipo. Ila huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na mbili na kisukari, na kliniki alikuwa akinyoosha kidole cha mkono wapime sukari, basi. Wakimwambia avue viatu, ana haraka. Mkewe alimkumbusha kwamba kwa mwenye sukari kidonda kidogo kinaweza kuondoka na mguu mzima. Akajibiwa kuwa yeye hafundishwi miguu.

Akajitibu. Tupa ileile ya kusawazishia soli akaisugulia kucha, kisha akaipaka rangi nyeusi ya viatu mpaka ikang'aa. Tena akajisifu kwamba hata haiumi. Mtu mzima ovyo! Haiumi kwa sababu mguu umekufa ganzi, bwana, wala si kwa ufundi wako.

Siku mkewe alipokuta alama za damu sakafuni, hakubishana naye. Alimkokota hadi kliniki, akamvua soksi mwenyewe mbele ya muuguzi. Tupa ilikuwa imemaliza kucha na kuingia kwenye nyama, na fundi hana habari.

Muuguzi alisafisha kidonda, kisha akamwambia afumbe macho na aseme "ndiyo" kila atakapoguswa unyayo kwa uzi mgumu. Fundi akafumba. Akangoja weee, mpaka akachoka.

"Anza basi, binti yangu, wateja wananisubiri."

"Nimeshamaliza, baba. Nimekugusa mara kumi."

Fundi akafumbua macho, akautazama ule mguu kama wa mtu mwingine. Aliogopa, tena sana. Akainama, akaanza kufungua kamba za kiatu cha pili.