Mtaalamu wa maabara aliyeichafua sabuni ya mama mdogo ni mimi

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka ishirini na sita, nimesomea maabara chuo kikuu na nimeajiriwa kwenye maabara binafsi hapa mjini. Naishi Msimbazi kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama. Amenisomesha kwa sabuni ya maji anayoikoroga uani kwenye pipa la bluu. Wateja wanakuja na chupa zao tupu, anawajazia. Ukimsaidia kukoroga hachoki kukukumbusha, "Upande mmoja tu, mwanangu. Ukigeuza mwiko inakataa."

Mwezi uliopita, nikiwa kazini, ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la wasichana niliosoma nao. Ulisema sabuni za maji za kupima, zile za Kariakoo, zinaharibu kizazi. Chini yake picha ya kutisha. Sikuuliza umetoka wapi. Niliusambaza kwenye makundi matatu, na juu yake nikaandika: "Mimi ni mtaalamu wa maabara, nathibitisha. Dada zangu tujihadhari."

Mimi napima damu na mkojo. Sabuni sijawahi kupima hata tone. Na mama mdogo hakunijia akilini kabisa. Kwangu ile ya uani haikuwa sabuni ya Kariakoo, ilikuwa sabuni yetu.

Wiki haikuisha, akaniita jikoni akanipa simu yake. "Hebu nisomee hii, msomi wangu. Ni kweli?"

Ulikuwa ujumbe ule ule, na maneno yangu juu, bila jina.

"Uongo huo, mama."

"Uongo vipi na mtaalamu amethibitisha?"

"Mtaalamu gani? Hata jina hana!"

"Mtu wa maabara atudanganye ili apate nini?"

Nikamrudishia simu yake. Kesho yake asubuhi nilikuta pipa limelazwa, mfereji umejaa povu la kijani mpaka barabarani, watoto wanalirukia wakicheka. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye ndoo. Binti yake, Neema, aliyekuwa akimsaidia kukoroga tangu mdogo, mwaka huu mimba yake imetoka. Akasema taratibu, "Mjukuu wangu nimemuua kwa mkono wangu."

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilitafuta ile picha mtandaoni nikakuta ni ya ugonjwa wa ngozi, ya miaka mingi, haihusiani na sabuni yoyote. Nilimpigia mwalimu wangu wa kemia. Akasema sabuni ikichanganywa vibaya inaweza kuchubua mikono, lakini hilo la kizazi, "Nani amelipima? Ushahidi uko wapi?" Nilikuwa sina. Nikaandika masahihisho kwenye makundi yote matatu. Mmoja akanijibu, "Wenye sabuni wamekuhonga nini?" Ule uongo bado unazunguka, masahihisho yangu hakuna aliyeyasambaza.

Mama mdogo nilimwonyesha ile picha na kumweleza maneno ya mwalimu, ila sikusema aliyethibitisha ni mimi. Akanipapasa shavu. "Unanionea huruma, mwanangu. Najua."

Jumamosi jumuiya ya kanisani ilisali kwetu. Wakati wa matangazo alisimama, kitenge begani, akawaomba radhi majirani wote aliowauzia. "Sikujua, jamani. Mnisamehe." Mama Happy, mteja wake wa siku nyingi, akamkumbatia. "Usilie, shoga yangu. Tumshukuru huyo dada wa maabara aliyetufumbua macho. Mungu ambariki popote alipo."

Chumba kizima kikaitikia, "Amina." Na mimi niliitikia.

Siku hizi Neema akija, mama yake hampikii. Anamtuma mtoto wa jirani akanunue chapati, anasema mikono yake imeingia sumu. Neema analia njia nzima akirudi kwake, kisha ananipigia mimi, "Dada, wewe umesoma, mwambie mama."

Nyinyi wakubwa kwa wadogo mnaonisoma, nisaidieni mawazo, maana yangu yameisha. Nikinyamaza, atazeeka akijiita muuaji. Nikisema, naogopa ataamini kwamba nilipima kweli na sasa namficha ukweli ili asiumie. Na akiniamini je? Kila jioni akisali namsikia anamwombea huyo dada wa maabara. Naanzaje kumwambia kwamba dada mwenyewe amepiga magoti pembeni yake?