Mkono Uliungua, Mimi Sikuwepo

Msiniulize nilivumiliaje. Sikuvumilia kitu.

Nilikuwa jikoni, kwenye hekalu letu la watawa wanawake wa Kibudha, kule milimani Gangwon. Nikashika sufuria ya chuma iliyotoka motoni. Ngozi ikabanduka, harufu ikapanda.

Nikautazama mkono wangu kama wa jirani.

Wenzangu wakapiga kelele. Mwalimu wetu, mtawa mkuu Jahyo, akaja, akanikazia macho, akatabasamu.

"Mwacheni. Hye-ran amevuka mateso."

Jamani, nikawa mtu mkubwa! Miaka yote ile ya kukaa kimya nikitazama ukuta, kumbe nimefika. Mwalimu akatangaza nitarithi kiti chake. Watu wakawa wanapanda mlima kunisikiliza. Nawaambia hakuna mimi, hakuna wewe, sasa nani ateseke?

Wanalia, wananiinamia.

Kisha mama akafariki.

Msibani nilikunywa supu mabakuli mawili. Chozi hakuna. Mdogo wangu Mi-rye akanivuta pembeni.

"Dada, wewe ni mtu au gogo?"

"Mi-rye, hakuna aliyekufa."

Akanizaba kibao. Sikukisikia. Nikaona hasira yake inayeyuka usoni, inabaki hofu. Mdogo wangu wa tumbo moja, ananiogopa.

Akanipeleka mjini Wonju kwa Mama Pyo, mtaalamu wa saikolojia aliyewahi kunyoa kichwa na kuwa mtawa kama sisi. Akanimiminia chai ya shayiri.

"Mkono ulipoungua, ulikuwa wapi?"

"Sikuwepo."

"Haya. Na mara ya kwanza kutokuwepo, ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

Nikafungua mdomo nicheke. Kikatoka kilio.

Niliiona miguu ya baba. Niko chini ya meza, nimemziba Mi-rye mdomo, sahani zinapasuka, mama anaomba msamaha. Na mimi nahama mwilini taratibu, kama mtu anayezima taa chumba kwa chumba.

"Si mnafundisha kwamba hakuna wawili?" Mama Pyo akasema. "Basi yule mtoto naye ni wewe. Umemtelekeza chini ya meza, halafu unaita huko kuvuka."

Nililia mpaka sauti ikakauka. Kovu la mkononi likaanza kuuma.

Nikapanda mlima kumweleza mwalimu. Nilijiandaa kufukuzwa.

"Mwalimu, sikuvuka. Nilikimbia."

"Najua," akasema, bila hata kuweka kikombe chini. "Nilijua tangu siku ulipofika. Mimi pia nilikimbia hivyohivyo. Wanaokuja hapa wakilia nawarudisha kwao. Nawabakiza wanaojua kujizima."



"Na wale watu wanaopanda mlima?"

"Wanataka kuzimwa, mwanangu. Kiti chako kinakusubiri."

Nje wenzangu walikuwa wanafagia uani, nyuso shwari kabisa. Utulivu ule niliokuwa nauonea fahari, sasa niliuona ni taa zilizozimwa. Nikasimama kati ya mifagio nikawaambia kila kitu.

Mmoja tu ndiye aliyeangusha ufagio. Tulishuka naye.

Siku hizi nafanya kazi na Mama Pyo. Mtu akija kuniambia haumii tena na chochote, simpongezi. Namuuliza ni nani aliyemtisha.

Nawe ukijikuta huumii, usikimbilie kushukuru. Tafuta kwanza umejiacha wapi.

Kiti kilipata mtu. Ni binti mdogo, na nasikia Jahyo anamsifu sana: tangu afike, hajalia hata mara moja.